Kiangazi cha Bwana Kimya

Mbeya, 16 Mei 1976

Mvua zimekatika, na mlima Loleza umejitokeza wote leo asubuhi, umeoshwa, kama vile haukuwepo tangu Krismasi. Nimepata kazi. Nikimweleza mtu ni kazi gani anacheka: nimeajiriwa kupiga domo.

Mwajiri wangu ni Bwana Girish Premji, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Kila kiangazi humwachia duka mkewe Jayshree, hupakia jenereta, mashine ya sinema na shuka jeupe kwenye Landrova, kisha huzunguka vijijini kutoka huku Mbeya hadi Iringa. Mwaka huu binamu yake wa Nairobi amempatia mikanda ya hadithi iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Mimi televisheni sijawahi kuiona, wala huku kwetu hakuna. Bwana Girish anasema ni sinema inayoingia nyumbani kama redio, kila mtu anaitazama sebuleni kwake, mlango umefungwa.

"Sasa wakiogopa wanamshika nani?" nikamwuliza.

"Wanashika kikombe cha chai," akasema.

Mikanda inazungumza Kiingereza. Kwa hiyo mimi, Kalista binti Saulo Kalinga, niliyemaliza Kidato cha Nne na kupewa na Mungu koo la kuitia watoto walio bonde la pili, nitasimama kando ya shuka na kuwaeleza watu kwa Kiswahili. Mwendesha mashine ni kijana mrefu, Nyanda, Msukuma wa kule Usangu. Aliniangalia, akaangalia kipaza sauti, akasema, "Hicho hutakihitaji." Nimeamua kutompenda.

18 Mei

Leo tumeitazama hadithi yote ghalani kwa Bwana Girish, kati ya majora ya vitambaa. Ni mikanda minne. Chombo cha duara kinashuka kwenye shamba la viazi, Ulaya huko, asubuhi ya ukungu. Anatoka mtu mrefu wa kijivu asiye na mdomo. Hana kabisa, anavuma tu kwa ndani, kama mama anayebembeleza mtoto huku mawazo yake yako mbali. Anaingia mjini, anabisha hodi nyumba kwa nyumba, na milango yote inafungwa, isipokuwa wa mwalimu mmoja wa kike anayempa maji. Visima vinaanza kung'aa. Watu wanaingiwa na hofu, askari wanaitwa, chombo chake kinachomwa moto. Yeye anageuka, anatembea taratibu, ukungu unammeza. Imekwisha.

19 Mei

Nimeuota ule ukungu. Ulikuwa wa kwetu Iringa, na ulinukia moshi wa jikoni kwa marehemu mama.

Mwanjelwa, 22 Mei

Onyesho la kwanza. Nilimwita zimwi, maana sikuwa na neno lingine, na nikampa sauti nzito ya kukwaruza. Ee Mungu wangu! Alipotoka tu kwenye chombo, safu ya mbele ilihamia nyuma bila kupitia katikati. Mama mmoja alikimbia na kapu la ndizi ambalo si lake. Chombo kilipowaka moto watu walishangilia mpaka nikashindwa kujisikia.

Vijana wa mjini peke yao hawakuogopa. Walikuwa wameona zipu mgongoni mwa zimwi. "Fungua zipu, mzee, tukuone!" wakawa wanapiga kelele, na wazee wanawanyamazisha kwa hasira, kwamba zimwi litasikia.

Nilijiona fundi. Tulipokuwa tunakunja shuka Nyanda akaniuliza, "Kwa nini unampa sauti ya fisi?"

"Ulitaka ya njiwa?"

"Mimi namsikia anaita ng'ombe," akasema. "Jioni ukipotelewa na ng'ombe unavuma hivyo hivyo, midomo imefungwa, ili wasishtuke."

Nilimwambia aendeshe mashine yake.

Chunya, 29 Mei

Vumbi mpaka kwenye meno. Wachimbaji hawakushtuka hata kidogo. Walikaa juu ya majembe yao wakavuta tumbaku, na yule wa kijivu alipotoka shambani mmoja akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi, "Huyo katumwa kupima udongo." Wote wakakubali. Kuanzia hapo walikuwa upande wake, ila kwa tahadhari, kama mtu anavyokuwa upande wa mpimaji. Chombo kilipochomwa waliuliza nani sasa anamiliki eneo.

31 Mei

Baridi. Mafua. Hakuna la maana.

Kijijini kwetu, upande wa Kalenga, Iringa, 12 Juni

Baba hakuamini mpaka aliponiona nimeshika kipaza sauti. Yeye ni balozi wa nyumba kumi, na alijitwalia kiti cha mbele kabisa, blanketi mabegani, kofia mpaka kwenye nyusi. Ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka mapema, hata mwanga wa mashine ulionekana wenyewe hewani kabla haujafika kwenye shuka, na ukungu wa kwenye hadithi ukaungana na wa kwetu. Kwa muda mfupi sikujua zimwi linatembea upande gani.

"Mumiani!" akapiga kelele mtu, na wote wakapokea. Huku kwetu wanaomnyonya mtu damu wanaogopwa kuliko simba. Baba yangu mzazi alisimama kwenye kiti akitikisa fimbo. "Choma! Choma huyo, mnangoja nini?" Askari wa kwenye shuka wakachoma, na baba akakaa ametosheka kama vile ndiye aliyetoa amri.

Baadaye alikuja kwenye Landrova kutusalimia. Nyanda akampa shikamoo vizuri, kwa kuinama.

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Baba alitoka Shinyanga, mzee. Sasa tuko Usangu, tunafuata malisho."

"Na malisho yakihama?"

"Tunahama."

"Basi huna kwenu," akasema baba, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo chake kimekatika.

Mafinga, 14 Juni

Tumelala hapa, msitu wa misonobari pande zote. Jioni nilimkuta Nyanda amekaa kwenye ngazi ya Landrova akivuma, midomo imefungwa. Sikumwambia kwamba nimesimama nyuma yake. Kitu fulani kwenye misitu ile kilikuwa kinamsikiliza, sijui nini, na mimi pia.

16 Juni

Bwana Girish leo amenikalisha chini. Anasema watu wakimwita mumiani kila mahali, siku moja mtu atarusha jiwe na mashine itavunjika.

"Mwenyewe kwa Kiingereza anaitwaje?" akaniuliza.

Nikamtajia neno: "Alien."

"Hilo nalifahamu. Baba yangu alipoingia nchi hii walimwandika neno hilohilo kwenye karatasi yake. Na maana yake si zimwi, Kalista. Maana yake ni mgeni."

Mgeni! Nilicheka. Ni neno dogo la kila siku, la kuita watoto walete kiti.

Usangu, 26 Juni

Nataka kuandika yote kabla hayajanitoka.

Tulifika kwa kina Nyanda, tambarare mpaka macho yanachoka, na vumbi la ng'ombe limesimama angani likiwa jekundu. Mama yake, Malimi, ni mwanamke mrefu vilevile, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Alinishika mikono yote miwili akaipima kama anayenunua kuku. Nyanda akageuka kuangalia pembeni, ndipo nikajua alishanitaja hapa.

Walikuja Wasukuma na Wasangu, wakakaa mbalimbali kama kawaida yao. Nikaanza: "Asubuhi moja, mgeni alishuka shambani." Nikaiacha ile sauti ya kukwaruza. Nilisema polepole, karibu kwa kunong'ona, na tambarare ile yote ikanisikia.

Hakuna aliyekimbia. Mgeni alipobisha hodi nyumba ya kwanza na mlango ukafungwa, mama mmoja wa Kisangu akaguna. Nyumba ya pili, wakaguna wengi. Ya tatu, mzee akasimama akawakemea Wazungu wa kwenye shuka: "Hata kiti? Mtu katoka safari, hata kiti?" Mwalimu alipompa maji walipiga makofi. Na alipoanza kuvuma, nilikuwa nimefungua mdomo kutafsiri, nikasikia Malimi anamjibu. Anavuma, kutoka gizani, sauti ileile, na watoto wake wakafuata. Nikafunga mdomo wangu.

Mikanda ni ileile. Picha ni zilezile, na zipu iko palepale mgongoni. Nimebadilisha neno moja tu.

Baadaye Nyanda alinisaidia kuzungusha waya wa kipaza sauti. Tuliuzungusha mara nyingi kuliko unavyohitaji. Akasema anataka kupeleka posa kwa baba. Nikamwambia baba atamla nyama. Akasema nyama yake ni ngumu.

27 Juni

Sikuandika jana kwamba nilimkubalia. Naandika leo.

Igurusi, 3 Julai

Watoto wamempa jina: Bwana Kimya. Wanamwita wakati mashine bado haijawashwa. Mtoto mmoja alipeleka kiazi cha kuchoma akakiweka chini ya shuka, akakaa kukilinda.

Mbeya, 10 Julai

Mwanjelwa kwa mara ya pili. Wale vijana wa zipu walikuja tena, na mtu mmoja kati yao alipoanza kupiga kelele, wenzake walimfinya. "Nyamaza, mgeni anaongea." Baridi kali. Sioni mbele kwa furaha.

Kijijini kwetu, 18 Julai

Nyanda hana wazee huku wa kumsemea, na ndugu zake wakija watasema Kisukuma. Kwa hiyo mshenga amekuwa Bwana Girish. Alivaa koti. Alibeba jora la kitambaa kizuri kabisa, na mimi nilijificha jikoni kwa shangazi, sikio kwenye ukuta.

"Kamwene," akaanza, Kihehe safi.

Nikamsikia baba akisogeza kiti. "Tangu nizaliwe," akasema, "sijaona mshenga Mhindi."

"Mimi pia sijamwona, mzee. Nimejiona leo kwenye kioo, nikashtuka."

Baba akacheka, nami nikajua akicheka mapema namna ile jibu litakuwa baya. Alimsikiliza mpaka mwisho, heshima zote. Kisha akasema hivi, na nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Huyo kijana sina chuki naye. Mgeni nampenda. Mgeni anakula, anashukuru, anaondoka. Huyo wako anataka kubaki na binti yangu, halafu aondoke naye! Kwenda wapi? Kwenye malisho. Mimi sina mtoto mwingine, Premji. Akimpiga, akimwacha na mtoto mgongoni, nianzie wapi kumtafuta? Nimwulize ng'ombe?"

Bwana Girish akainuka. Alirudishiwa jora lake. Nimelia mpaka shangazi amenipa kitunguu nikimenye, ili watu wakiingia nipate kisingizio.

25 Julai

Nimemkasirikia baba. Nimemkasirikia Bwana Girish kwa kumchekesha. Nimemkasirikia Nyanda kwa kuwa na baba aliyetoka Shinyanga.

1 Agosti

Nilimwambia Nyanda tuondoke tu. Wengine wanatoroshana, wanarudi na mtoto, wazee wanapoa. Landrova ile pale.

"Hapana," akasema. "Nikikutorosha nitakuwa mumiani kweli."

Nilimwita mwoga. Sijui kwa nini nilisema vile, maana nilikuwa nampenda zaidi wakati uleule.

Kijijini kwetu, 21 Agosti

Upepo umeanza kuwa wa joto, majani yamekauka, watu wanachoma mashamba na anga lina rangi ya chai ya maziwa. Tumerudi kwa sababu kijiji kimemwomba Bwana Girish arudi. Habari za Bwana Kimya zimetutangulia. Walijaa mpaka kwenye mipapai.

Nilisema "mgeni" tangu mwanzo. Kijiji kilekile kilichopiga kelele "choma" mwezi Juni kilikaa kikisikiliza. Chombo kilipowaka, Yotamu wa mgambo, lile jitu lenye mikono kama mihimili, alilia mpaka kamasi. Na baba alisimama tena kwenye kiti chake, na tena akatikisa fimbo, lakini safari hii aliwatikisia askari. "Hamna adabu! Amewakosea nini?" Watu wakamwunga mkono. Tulipomaliza, kila mtu alikuwa anamsema vizuri kila mtu.

Nilitazama nyuma kwenye mashine. Nyanda alikuwa anatabasamu peke yake, uso wake nusu kwenye mwanga. Nikafikiri, basi, imewezekana.

22 Agosti

Imekuwa hivi.

Alfajiri Nyanda alichukua debe akaenda mtoni kuchota maji ya Landrova. Ukungu ulikuwa mzito. Kijiji cha jirani kilikuwa kimepotelewa na mtoto tangu juzi, na watu walikuwa wanazunguka mabondeni wakimtafuta. Wakasikia mtu anavuma ndani ya ukungu, midomo imefungwa. Wakaona mtu mrefu na debe.

Mimi niliamshwa na kelele. Nilipofika kwenye ofisi ya kijiji walikuwa wamemkalisha chini, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, shati limechanika, jicho moja limeanza kuvimba. Watu walewale. Nawaandika kwa sababu niliwaona wote: mama aliyegawa karanga jana, watoto waliopanda mipapai, na Yotamu ambaye ndiye aliyeshika kamba.

"Barua yako ya utambulisho ya kijiji iko wapi?" Yotamu alikuwa anauliza. "Damu unapeleka wapi?"

"Ni Nyanda!" nikapiga kelele. "Mwendesha mashine! Jana mlikuwa naye!"

"Jana alikuwa gizani, dada," akasema Yotamu, tena kwa upole. "Sisi tumeona mashine."

Nilisema. Ndiyo kazi yangu kusema. Nilieleza, niliapa, nilitaja majina ya vijiji vyote tulivyopita. Koo langu lote hili, na hakuna aliyegeuza hata shingo. Bwana Girish alikuja anakimbia na soksi moja, akaanza kueleza naye, na mtu akauliza, "Na huyu debe lake liko wapi?" Nikaona kuna mtu ameshikilia mafuta ya taa. Sikukosea. Chupa ya kijani, imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Ndipo watu wakasema balozi aitwe. Baba alikuja bila haraka, blanketi lake mabegani. Wakampisha njia.

"Mzee Saulo," akasema Yotamu. "Wewe unamfahamu huyu?"

Baba alimwangalia Nyanda chini pale. Akaniangalia mimi. Sijawahi kumwona baba yangu akiwa mbali hivyo, nikamwogopa, nikawa sijui atasema nini, baba yangu mwenyewe. Nyanda hakumwomba kwa neno wala kwa macho.

"Namfahamu," akasema baba. "Mfungueni. Ni mgeni wangu."

Wakamfungua. Ilikuwa rahisi hivyo. Yotamu alimpangusa vumbi kwa kiganja, akamwomba radhi, mama wa karanga akaenda kutafuta maji ya moto ya jicho. Mtoto aliyepotea alipatikana kabla ya mchana kwa bibi yake, amenenepa.

Nyumbani nilimpigia baba magoti.

"Usinishukuru," akasema. "Nimesema mgeni wangu. Sikusema mkwe."

"Lakini jana baba! Jana ulisimama kwenye kiti! Ulisema hawana adabu wale Wazungu."

"Hawana. Nikiwakuta nitawaambia tena." Akakaa, akavua kofia, akawa mzee ghafla. "Yule wa kwenye shuka, Kalista, hakuja kuniomba binti."

Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umekwisha na kila kitu kilionekana wazi kabisa, mipapai, shuka letu kwenye kamba, watu wanapita wananisalimia. Sikuwaitikia.

23 Agosti

Neno lilelile lililomwokoa ndilo lililomfungia mlango. Na mimi ndiye niliyelileta hapa.

Makambako, 29 Agosti

Nimetafsiri kama mtu anayesoma bei sokoni. Watu walilia. Nimeanza kuyachukia machozi yao.

5 Septemba

Jicho la Nyanda limepona. Anasema kiangazi kikiisha atarudi kwa mama yake, mwakani Bwana Girish atafute mwendesha mashine mwingine. Hakusema kwa hasira. Nimemwuliza, na mimi je? Akasema, "Wewe una kwenu."

11 Septemba

Mawingu ya kwanza upande wa Rungwe. Bado ni ya kupita tu.

Kijijini kwetu, 18 Septemba

Baba ametuma ujumbe mjini kwa Bwana Girish: mlete ile sinema mara moja tena kabla ya mvua. Bwana Girish alitaka kukataa. Nyanda ndiye aliyesema twende.

Mikanda imechoka. Ukungu wa Ulaya sasa una michirizi kama mvua, na mahali pengine Bwana Kimya anaruka hatua. Watu walikuwa wachache, wengi wako mashambani wanatayarisha. Baba alileta kiti chake mwenyewe.

Leo sikusema zimwi wala mgeni. Nilisema machache sana. Alipobisha hodi niliacha mlio wa mlango peke yake. Alipovuma, niliacha avume, na mashine inanguruma chini yake, na ule mwanga umejaa wadudu wa mwanzo wa joto. Nilihisi kama tumelala wote na mtu mmoja tu ndiye anayeota kwa niaba yetu. Chombo kikawaka. Hakuna aliyeshangilia wala kulia. Akageuka, akaingia kwenye ukungu, na mwisho wa mkanda ukaanza kuchapa, tap tap tap.

Baba hakuinuka.

"Alikwenda wapi?" akauliza.

"Mkanda unaishia hapo, baba."

"Nimeona unaishia. Nauliza alikwenda wapi."

"Hawakusema."

"Hata yule mwalimu? Aliyempa maji?" Akatafuta kwenye kumbukumbu, kidole hewani. "Hata yeye hakumwuliza kwao ni wapi. Miezi yote hii nawakasirikia wale waliofunga mlango. Kumbe hata aliyefungua hakuuliza."

Nikataka kusema, wewe uliuliza, baba, uliuliza siku ya kwanza kabisa, ukajijibu mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuinuka. Alikunja blanketi lake akaenda kulala.

19 Septemba

Asubuhi Nyanda alikwenda kumuaga baba. Mimi nilibaki kwenye Landrova, sikutaka kuona. Kwetu mgeni anasindikizwa: unatembea naye kidogo, mnaongea habari za mvua, mnafika njia panda, unasimama, mnaagana. Niliwaona wanakuja pamoja, baba na fimbo, Nyanda amepunguza hatua zake ndefu ili wasiachane. Walifika njia panda. Baba hakusimama. Walipita kwa fundi baiskeli, wakapita kanisa, wakaja mpaka kwenye gari, na baba akafungua mlango wa nyuma akapanda, akakaa juu ya jenereta.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Endesheni," akasema.

Usangu, 20 Septemba

Njia nzima hakusema zaidi ya kuuliza majina. Huu mto gani? Hiki kijiji gani? Tulipoacha lami alihamia mbele, akawa anaangalia kila mti na kila kichuguu, na mara mbili alimwamuru Bwana Girish asimame ili ageuke nyuma aone njia inavyoonekana mtu akiwa anarudi.

Tulifika jua linaegemea. Watoto walimwona mzee mfupi mwenye blanketi kwenye joto lile, wakakimbilia nyuma ya zizi. Malimi alitoka na kiti cha miguu mitatu, akakipangusa, akamwekea kivulini. Baba akakaa, mikono juu ya fimbo, ng'ombe wanapita mbele yake hawaishi. Akaletewa maziwa ya mgando. Akanywa yote.

Malimi akasema jambo kwa Kisukuma.

"Mama anakaribisha," akatafsiri Nyanda. "Anauliza mzee atakaa nasi siku ngapi."

"Mwambie sikuja kukaa," akasema baba. "Mwambie nimekuja kujifunza njia, ili siku binti yangu akilia huku, nijue pa kupita."

Nilimgeukia Nyanda. Alikuwa amefungua mdomo kutafsiri, na hakuna kilichotoka. Mama yake akamwuliza, akamwuliza tena, mzee amesema nini.